Kiti Kilichosogezwa Mbele

Kiti cha dereva cha Pijo ya Mzee Taratibu nilikishona mimi kwa mikono yangu, kwa hiyo hakuna wa kunidanganya juu yake. Ngozi ni ya kahawia, mishono ni miwili miwili, na sponji nililichonga lifuate mgongo wake yeye, si wa mtu mwingine. Mzee ni mrefu. Akikaa garini magoti yanapanda kama ya panzi, ndiyo maana kiti hicho nilikirudisha nyuma mpaka jino la mwisho la reli, na hapo kikakaa miaka yote. Jumapili moja nainama dirishani kutazama mshono ulioanza kuachia, nakuta kiti kimesogezwa mbele. Tena si kidogo. Kilikuwa karibu na usukani kiasi kwamba mzee mwenyewe asingeingiza hata goti moja.

Nilinyanyuka, nikajifuta mikono, nikarudi kwenye benchi walikokaa wenzangu. Lakini moyoni nilishajua kwamba kuna mtu mwingine anayeliendesha lile gari, na Mzee Taratibu ni mtu ambaye hata makanika alikuwa hampi usukani wa kulirudisha nyuma hatua mbili.

Mimi ni fundi viti. Karakana yangu inatazama barabara, na nyuma yake kuna ua ninaoshirikiana na seremala. Siku za kazi ua umejaa mbao zake na viti vyangu vilivyovuliwa ngozi. Jumapili tunausafisha, na sisi wapenzi wa magari ya zamani tunayaegesha hapo, tunafungua boneti, tunakunywa chai na kubishana. Tuko wachache. Kuna Mwalimu, mstaafu, mwenye Foksiwageni ya buluu tunayoiita kobe. Kuna Mama Pancha, anayeziba matairi pale kwenye kona, na ana Landrova aliyorithi kwa baba yake ambayo anasema anaipenda kuliko wanaume wote aliowahi kuwapikia. Nipo mimi na pikapu yangu. Na yupo Mzee Taratibu, mkubwa wetu.

Mimi wananiita Mpelelezi. Mke wangu anasema hata kivuli changu nakidai kitambulisho. Waseme tu. Nimefungua viti vingi katika kazi hii, na chini ya viti watu huacha mengi: hereni isiyo ya mke wa mwenye gari, chupa tupu, risiti ya nyumba ya wageni. Aliyeona niliyoyaona hawezi kumwamini mtu kwa sababu tu anatabasamu.

Ua wetu una kanuni moja: gari liwe la mwenyewe, na mwenyewe aliendeshe. Aliyeitunga ni Mzee Taratibu. Kulikuwa na tajiri mmoja aliyekuwa akimtuma dereva alete gari lake, na huyo dereva alikuwa anakaa nasi hana la kusema, anachezea simu. Mzee akamfuata tajiri mpaka nyumbani kwake, akamwambia kwa adabu zake zote, "Bwana, gari lilete wewe, au liache hapa hapa lipumzike." Tajiri hakuonekana tena. Tangu hapo anayevunja kanuni anaondoka, hakuna mjadala. Sasa ikiwa mzee ameuza Pijo kwa siri na Jumapili anaiazima kuja kutuzuga, basi nafasi yake kwenye benchi imekwisha, na atakuwa amefukuzwa na kanuni yake mwenyewe.

Nafasi hiyo ilikuwa kubwa kwake, na ngoja nieleze kwa nini. Alianza hospitali kama mfagiaji wa karakana, akapanda akawa dereva wa gari la wagonjwa, kisha akamwendesha Daktari Mkuu katika Pijo hii hii mpaka wote wawili wakaota mvi. Alienda polepole hata wauguzi wakampa jina la Taratibu, naye akawa anajibu kwamba hajawahi kumfikisha mtu akiwa vipande. Mke wake alimpata pale pale, kwenye chumba cha dobi, alikokuwa akipeleka mashuka na kuchelewa kurudi. Hospitali ilipoinadi Pijo, wanunuzi wote walikimbia kwa sababu ya mlio fulani wa kugonga uliosikika nyuma kila gari likisogea. Taratibu peke yake ndiye aliyejua kwamba ilikuwa jeki iliyolegea kwenye buti. Alinyamaza kimya, akainunua kwa bei ya chuma chakavu, na mpaka leo akifika hapo kwenye hadithi anacheka mwenyewe kabla hajatuchekesha sisi.

Gari tulilifufua watu watatu. Injini yeye, viti mimi, na rangi ni ya kaka yangu, aliyekuwa fundi rangi na asiyetaka mtu amsemeshe akiwa kazini. Aliipaka rangi ya maziwa, na bado inang'aa. Kaka hayupo tena. Siku tuliyomzika, Mzee Taratibu alishika jeneza mbele, mimi nikiwa nyuma yake, nikiutazama mgongo wake ule ule niliouchongea sponji.

Dalili ya mvua ni mawingu. Baada ya kukiona kile kiti nikaanza kuyatazama mawingu. Ni lini mara ya mwisho tulimwona mzee akiingia getini? Zamani alikuwa wa mwisho kufika, tunasikia honi mbili fupi kwa mbali, ndipo Pijo inaingia kwa mwendo wa bibi harusi. Sasa kila tukija tunaikuta imeshaegeshwa, na mzee yuko kwenye benchi, shati limenyooshwa vizuri. Geti hufunguliwa alfajiri na seremala, na ukimuuliza seremala jambo lolote lisilo mbao, atakwambia hakuona. Kuondoka nako ni hivyo hivyo. Sisi tunaondoka, yeye anabaki, eti anamsubiri mkewe aliyekwenda kwa dada yake mtaa wa nyuma. Zamani mkewe hakuwa anakuja kabisa.

Halafu kuna ufunguo. Ulikuwa na kibao cha shaba cha hospitali, na mzee akiongea aliuzungusha kidoleni mpaka ukatutia kizunguzungu. Siku hizi kidole kilikuwa kinazunguka kitupu. Niliposhatambua hilo sikuweza kutazama kitu kingine.

Siku hiyo ya kiti nilikuta Mama Pancha analalamika juu ya mwanawe.

"Ananiambia niuze Landrova ninunue kagari ka kisasa, eti nimezeeka. Nikamwambia, baba, na wewe ukizeeka nikuuze ninunue kengine?"

"Mke wangu hasemi niuze," Mwalimu akasema. "Anasema nichague, yeye au kobe. Nimemwomba muda nifikirie."

"Umeanza kufikiria lini?"

"Tangu mimba ya kwanza."

Tulicheka, na Mzee Taratibu akaingia na hadithi yake ya mto. "Mto umefurika, Daktari ana mgonjwa ng'ambo. Nikashuka, nikavua mkanda wa feni, maana feni ikizunguka majini inarushia plagi maji, gari linazima. Tukavuka taratibu. Kufika kule Daktari akaniambia, dereva, huyu umemponya wewe, mimi nimeshona tu." Aliisimulia vizuri, na kila kitu kilikuwa mahali pake, hata viatu vya Daktari alivyovishika mkononi. Kikombe cha pili kilipokwisha akaisimulia tena, neno kwa neno. Hakuna aliyeshtuka. Benchi letu linaishi kwa hadithi za zamani, na tungemfukuza kila anayerudia, ua ungebaki na magari matupu.

Mimi nilikuwa na swali la juzi. "Mzee, Jumatano nilipita kwako, sikuiona Pijo. Mlikuwa wapi?"

Alinitazama, akafikiri kidogo. "Jumatano," alisema, "ndiyo siku tuliyobadilisha gasketi na kaka yako. Kwani hajambo kaka yako?"

Damu ilinipanda. Mtu ana jambo analificha, anataka kunipoteza maboya kwa jina la marehemu. "Kaka alikufa, mzee," nikamwambia, "na wewe ulimbeba." Macho yakamjaa machozi, kidole kikaacha kuzunguka. Mwalimu alinikanyaga mguu chini ya benchi. Nikasema moyoni, loo, huyu mzee kumbe anajua na kuigiza.

Wiki hiyo hiyo akaonekana dalali mmoja mtaani, mwenye miwani ya jua mpaka ndani ya maduka. Alikuwa anatafuta magari ya zamani ya kuweka kwenye bustani ya hoteli ili wageni wapige nayo picha. Nilimwona kwa macho yangu akiwa amesimama karibu na kibanda cha Mama Pancha, anaongea na Shemeji, mke wa Mzee Taratibu. Alimpa kadi, naye akaitia kwenye mkoba. Nikawaita wenzangu, nikawamwagia yote: kiti, ufunguo, Jumatano, dalali.

"Wewe hata mvua ikinyesha unauliza imetumwa na nani," alisema Mama Pancha.

"Lisemwalo lipo."

"Linasemwa na nani? Na wewe peke yako."

Mwalimu alikuna kidevu. Alisema ikiwa ni kweli, ni jambo zito, kwa sababu Jumapili ya pili yake tulikuwa na msafara wetu wa kila mwaka, na anayetangulia mbele ya msafara ni Mzee Taratibu. Hatuwezi kuongozwa na mtu aliyepanda gari la kuazima. "Lakini uwe na hakika," aliniambia. "Huyo ni mzee wa watu."

Basi nikaitafuta hakika. Jumapili nilitoka nyumbani mke wangu akiwa bado amelala, nikajifungia karakanani, nikakaa nyuma ya marundo ya sponji penye dirisha linalotazama uani. Seremala alifungua geti. Baadaye kidogo Pijo ikaingia, na kwenye usukani alikuwa Shemeji. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mwanamke yule, ambaye tangu nimjue hajapata kukaa popote garini ila upande wa abiria na mkoba mapajani, alikuwa ameukamata usukani kwa mikono miwili, midomo ameibana, na aliiegesha Pijo kwenye kivuli bila kugusa hata ubao mmoja wa seremala. Akazima. Akakaa kidogo ameinamisha kichwa. Kisha akashuka, akazunguka, akamfungulia mumewe mlango, akamtengeneza kola. Akaanza kumwambia mambo, anahesabu kwa vidole, polepole, na mzee anaitikia kwa kichwa kama anayefundwa. Kioo kilinizuia nisisikie.

Lakini ya nini kusikia? Nilielewa kwamba anampangia cha kutuambia. Shemeji ameuza gari, au yuko mbioni kuliuza, na mzee wa watu amekubali kuwa pazia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wenzangu walipofika nilitoka. Shemeji alikuwa bado hajaondoka. Nilimsalimia, nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Shemeji, wiki ijayo ni msafara. Tunaomba mzee atuwashie Pijo, azunguke nayo mtaa mmoja, tuone iko sawa."

"Leo mgongo unamsumbua," alisema.

"Mgongo wa nani?" Mzee Taratibu alikwisha simama. "Lete ufunguo, mama."

Wote walikuwa wanamtazama Shemeji. Aliutoa ufunguo kwenye mkoba pole pole, kibao cha shaba kikigonga kwenye zipu. Nilisema mimi ndiye nitakayekwenda naye, mimi tu. Shemeji akanisogelea, akaniambia chini chini, "Kaa naye mbele, shemeji yangu. Usimwache peke yake." Nikaona ameingiwa na hofu, na hofu ya mtu mwenye siri naijua.

Mzee aliingia, magoti yakagonga usukani. Nilinyamaza nimwone. Mkono wake ukashuka chini ya kiti bila yeye kutazama, ukashika kile chuma, akajisukuma kwa miguu, na kiti kikarudi nyuma mpaka jino la mwisho. Akavuta choki, akawasha, na injini ikaitika mara moja.

Nisiseme uongo, aliendesha vizuri kuliko mimi. Gia ziliingia bila kelele. Mbwa alikatiza, mzee alishamwona zamani. Nikaanza kuona haya kidogo, nikajiuliza kama labda kiti kilisogezwa na mtu aliyekuwa akifagia tu. Tulipofika kwenye kona ya kurudi uani, hakukata.

"Mzee, tunarudi huku."

"Kwanza tunamchukua mtu," alisema.

Ile haya ikaniisha. Nikasema sasa tumefika, ananipeleka kwa mnunuzi mwenyewe, na hata haoni aibu. Tulipita soko, tukapita hospitali, tukaingia mtaa wa nyumba kubwa za zamani ambazo nyingi zimegeuzwa maduka. Akasimamisha gari mbele ya nyumba moja yenye ngazi pana, akapiga honi mbili fupi. Juu ya ngazi palikuwa na duka la simu. Bwana mmoja mwenye saa kubwa akatoka mlangoni kututazama.

Nilishuka, nikapanda zile ngazi. "Wewe ndiye uliyenunua gari hili?"

Alilitazama gari, akanitazama mimi. "Mzee, mimi nauza simu. Mnataka chaja?"

Niligeuka nimwite Taratibu aje athibitishe. Alikuwa ameshashuka. Amefunga kifungo cha juu cha shati, ametoa leso, anafuta kishikio cha mlango wa nyuma. Akaufungua ule mlango, akasimama pembeni yake, mikono imenyooka.

"Daktari anachelewa leo," aliniambia. "Labda alikuwa na upasuaji."

Hapo ndipo nilipoitambua ile nyumba. Ilikuwa nyumba ya Daktari Mkuu, na Daktari Mkuu alikufa kabla hata ya kaka yangu.

Nikakaa kwenye ngazi. Yote niliyoyaona yalikuwa ya kweli: kiti, ufunguo, Jumatano, vile vidole vya Shemeji vikihesabu. Niliyapanga vibaya tu. Na nafikiri hakuna watu wengine ambao wangekaa na mzee yule Jumapili baada ya Jumapili wasione. Sisi hatuulizani habari za leo. Kwetu anayekumbuka ya zamani ndiye mwenye akili timamu, na Mzee Taratibu aliyakumbuka kuliko sote. Swali la Jumatano lilikuwa la kwanza mimi kumuuliza kuhusu wiki hii hii tuliyomo, na hata hilo sikumuuliza kwa wema.

"Mzee," nikamwambia, "twende zetu."

"Siwezi kumwacha Daktari. Kazi ni kazi."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba Daktari amekufa. Nikaukumbuka uso wake siku ile niliposema kaka amekufa, yale machozi niliyoyaita maigizo. Alikuwa ameambiwa habari hiyo upya. Nikaufunga mdomo. Jua lilikuwa linatuchoma, muuza simu anatukodolea macho, na mzee ameshikilia ule mlango wala hatingishiki. Angeushikilia mpaka kesho.

Nikajifuta suruali, nikateremka zile ngazi, nikaingia mlango wa nyuma. Nilikaa kwenye kiti nilichokishona mwenyewe na ambacho sikuwahi kukikalia hata mara moja.

"Twende, dereva," nikasema.

Aliufunga mlango kwa kiganja, bila kishindo. Akarudi kwenye usukani, akanitazama kwenye kioo, na uso wake ulikuwa umetulia. "Ndiyo, Daktari. Leo wapi?"

"Kwa fundi viti."

"Yule bwana ni mtu mzuri," alisema tukiwa njiani. "Tatizo lake anashuku mno."

"Nimesikia," nikajibu.

Shemeji alikuwa amesimama getini juani, kitenge kimemwanguka begani hana habari nacho. Aliona mumewe yuko mbele peke yake na mimi nimekaa nyuma kama mkubwa, akaelewa. Mzee alishuka akamwambia, "Mama, Daktari nimeshamfikisha," kisha akaenda zake kwenye benchi, kidole kinazungusha ufunguo.

"Amekupeleka kwenye ile nyumba," Shemeji aliniambia.

"Ndiyo."

"Jumatano nampeleka kliniki. Siku nyingine tuko nyumbani tu, ananiita sista, ananiuliza mashuka yamekauka. Usiku mmoja alifungua mlango akanikaribisha kama mgeni." Alisema hayo bila kulia, kama mtu aliyeyasema peke yake mara nyingi. "Kuendesha alinifundisha yeye, pale uwanjani nyuma ya hospitali, alipoanza kujiona anasahau. Alisema, jifunze haraka, mama, mimi naanza kupotea. Basi kila Jumapili nikishaegesha namkumbusha: huyu ni Mwalimu, huyu ni Mama Pancha, huyu ni fundi, na kaka yake fundi alishafariki, usimuulize. Ananiitikia. Halafu anasahau."

Mazoea yana taabu. "Na dalali?"

"Nilichukua kadi ili aniache nipite. Nilimwambia haliuzwi. Nikiuza gari, Jumapili nitampeleka wapi? Akikaa kwenye benchi lenu anakuwa mume wangu. Anajua gasketi, anajua mto. Tukirudi analala vizuri. Na kanuni yenu naijua, shemeji, aliitunga yeye. Ndiyo maana tunawahi kuja."

Alinitazama akingoja nimwambie wasije tena. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu na Mama Pancha walikuwa wameshasogea. "Haya, Mpelelezi," alisema Mama Pancha, "gari ni la nani?"

"Ni lake."

"Na anayeliendesha?"

"Mkewe. Macho ya mzee yamechoka. Kwenye msafara atakayetangulia ni Shemeji, mzee atakaa pembeni yake."

Mwalimu akakohoa. "Na kanuni? Mwenyewe aliendeshe."

"Kwani wale si mwenyewe mmoja?" nikasema kwa ukali, naye akaona aache.

Mama Pancha hakuacha. Alinikazia macho kama anayetafuta tundu kwenye tairi. "Kuna kitu unatuficha."

"Kipo," nikasema.

Alikuwa wa kwanza kuniacha nikae na siri, na sikulitarajia kwake. Nadhani alikigundua mwenyewe, kwa sababu Jumapili iliyofuata, kabla ya msafara, mzee alipousimulia mto kwa mara ya pili, Mama Pancha aliweka kikombe chini akauliza, "Enhe, mkanda wa feni ukaufanyaje?" Na mzee akamweleza upya, kwa furaha.

Kile kiti nilikifungua katikati ya wiki. Mishono na ngozi sikuvigusa. Niliongeza sponji chini, nikainua upande wa nyuma, nikamchongea Shemeji mahali pa kiuno chake, na kiti nikakifunga pale pale mbele alipokisogeza. Kulifuta lile bonde la mgongo wa mzee kulinichukua mchana mzima. Nilikuwa nalikata kidogo, nakaa, nalikata tena. Kisha nikaketi upande wa abiria, nikaanza kumchongea mzee bonde jingine huko.

Siku ya msafara magari yalipanga mstari, Pijo mbele, Shemeji na midomo yake ameibana. Mzee Taratibu alikuwa ameegemeza mkono dirishani, amevaa shati jeupe. Nilikwenda kumtazama kama kiti kimemkaa sawa. Aligeuka, akanitambua, akafurahi kweli.

"Fundi. Kaka yako hajambo?"

Shemeji aliusimamisha mkono kwenye gia. Alitaka kumkumbusha, nikamzuia kwa jicho.

"Hajambo, mzee," nikasema. "Anakusalimu."

"Mwambie rangi yake bado inang'aa."

"Nitamwambia."